Siku moja Gold Reef City, peke yangu

Jamani nimerudi. Najua nimewaacha kimya karibu wiki tatu, na kuna waliokwisha anza kuuliza kama gazeti limenifukuza au nimeoa kimyakimya. Si hili wala si lile. Nilikuwa Johannesburg, Afrika Kusini, kwenye mafunzo ya waandishi wa habari. Siku kumi za kukaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi mpaka jua linazama. Ya mafunzo nitayaandika siku nyingine, maana mengine yanaleta usingizi. Leo nawasimulia Jumamosi moja tu.

Hiyo Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yetu pekee ya mapumziko. Wenzangu, Mkenya mmoja, Wazambia wawili na dada mmoja wa Malawi, wakaamua kwenda kwenye maduka makubwa ya Sandton. Mimi nikasema nakwenda Gold Reef City. Kwa msioijua, ni mji wa michezo uliopo kusini kidogo ya katikati ya Johannesburg, umejaa mabembea makubwa na treni zile za kupanda na kushuka kwa kasi mpaka roho inabaki nyuma.

Mkenya akaniuliza, "Kwenye mabembea? Kwani una mtoto wewe?"

Sina.

"Sasa unaenda na nani?"

Peke yangu. Akanitazama, akatikisa kichwa, akaendelea kunywa chai yake.

Sikumwambia sababu zote. Ya kwanza ilikuwa ya kitoto kabisa. Nilipokuwa shule ya msingi kule Rungwe tulikuwa tunajazana kwenye nyumba ya jirani mwenye televisheni, na siku moja nikaona Wazungu wananing'inia kwenye reli kichwa chini miguu juu, wanapiga kelele na wanacheka. Bembea yangu mimi ilikuwa kamba iliyofungwa kwenye mti wa parachichi. Tangu siku ile nikajiapiza kwamba nikikua na mimi nitapanda lile dude.

Sababu ya pili ilikuwa baba. Nilikuwa namkwepa.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo, mnivumilie. Babu yangu mzaa baba aliwahi kufanya kazi kwenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini katika miaka ya 1950. Kwetu tunasema alikwenda Wenela. Wenela ni jina ambalo watu walilipa shirika la kuandikisha vibarua wa migodini, Witwatersrand Native Labour Association, lililokuwa likichukua vijana kutoka Msumbiji, Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, na hata huku kwetu kusini magharibi mwa Tanganyika. Wakati wengine wanakwenda manamba kwenye mkonge Tanga, Wanyakyusa wengi waliona bora Wenela. Babu alirudi na baiskeli, koti refu, na picha moja aliyopigwa studio akiwa amevaa kofia ya pama. Alirudi pia na kikohozi. Mimi nilimkuta tayari mzee, anakohoa usiku kucha, na alipofariki nilikuwa darasa la pili. Hakuwahi kusimulia habari za kule. Ukimuuliza alikuwa anasema, "Kulikuwa na kazi," basi.

Sasa baba, aliposikia nakwenda Johannesburg, alinipa kazi. Alikuwa amesikia kwamba wachimbaji wa zamani wanalipwa fidia ya mapafu. Akaniambia, "Wewe si mwandishi? Uliza kama na sisi tumo." Na kweli habari ipo. Mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano kati ya wachimbaji na makampuni makubwa ya dhahabu, ukaundwa mfuko wa randi bilioni 5 kwa walioumwa silikosisi au kifua kikuu kutokana na kazi ya chini ya ardhi. Silikosisi ni ugonjwa wa vumbi. Mwamba wenye dhahabu umejaa mawe ya kwatzi, ukiutoboa unatoa vumbi laini mno, linaingia kwenye mapafu na kuyafanya makovu. Na linaweza kukaa miaka mingi kabla hujajijua kuwa unaumwa, wakati kampuni imeshakusahau.

Jumatano ya wiki ile, baada ya mafunzo, nilikaa nikasoma masharti ya mfuko. Wanaohusika ni waliofanya kazi kwenye migodi ya makampuni hayo kuanzia tarehe 12 Machi 1965. Nikasoma mara mbili. Elfu moja mia tisa sitini na tano. Babu wakati huo alikuwa ameshaoa, ameshapanda migomba, ana mtoto mchanga ambaye ndiye baba yangu.

Nilipotafakari zaidi nikaona si babu peke yake. Tanganyika ilipopata Uhuru, serikali haikutaka tena vijana wake wapelekwe kuwatajirisha makaburu, na uandikishaji wa Wenela ukasimamishwa miaka ile ya mwanzoni. Ulikuwa uamuzi sahihi na mimi najivunia. Lakini maana yake ni kwamba wazee wetu wengi waliokwenda kwa njia hiyo walikuwa wameshaondoka kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi. Walikohoa mapema mno.

Ijumaa usiku baba akapiga simu. "Umeshauliza?"

"Bado baba, naifuatilia."

Nilimdanganya. Na Jumamosi asubuhi nikaamka mapema, nikaita teksi, nikaenda kucheza.

Haya, tuingie getini. Kiingilio kwa mshahara wa mwandishi wa gazeti la Kiswahili kinauma, sitawaficha. Ukishalipa unapanda mabembea bila kulipa tena. Ndani wamejenga mji wa zamani kuonyesha Johannesburg ilivyokuwa baada ya dhahabu kugunduliwa mwaka 1886: nyumba za baraza za mbao, mabati yaliyopakwa rangi na wafanyakazi waliovaa nguo za enzi zile. Juu ya mapaa ndiyo unaona reli nyekundu na za buluu zimejikunja kama nyoka aliyekanyagwa, na kila baada ya dakika unasikia kelele za watu zinapita angani.

Kuna jambo moja sikulitegemea. Sehemu kama ile haikutengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja. Kila mahali ni baba, mama na watoto, au wapenzi wameshikana mikono, au kundi la wanafunzi. Viti vya kwenye mabembea ni viwiliviwili. Ukitaka kupanda huna wa kumwachia begi, inabidi ukodi kabati. Ukitaka picha unaomba mtu usiyemjua, anakukata miguu. Ukipata njaa ukaondoka kwenye meza kwenda kununua soda, ukirudi meza ina familia ya watu saba. Na mbaya kuliko zote, ukiogopa huna wa kumsingizia. Ukiwa na rafiki unaweza kusema "huyu bwana kaogopa, tukaacha". Mimi ningeogopa, ni mimi.

Nikaanza na lile linaloitwa Anaconda. Hili viti vyake vinaning'inia chini ya reli, kwa hiyo miguu inabaki hewani haina pa kukanyaga. Nilikaa foleni karibu dakika arobaini, nikiwatazama wanaoshuka. Wengine walikuwa wanacheka, kijana mmoja mwenye mwili wa mlinzi alikuwa ameshika ukuta.

Nilipofika mbele, mfanyakazi akauliza mko wangapi. Nikanyoosha kidole kimoja. Akafurahi, kwa sababu alikuwa na nafasi moja ya kuziba, akanikalisha pembeni ya binti wa kama miaka kumi na mbili ambaye kaka yake alikuwa amegoma dakika ya mwisho. Chuma cha kunishikilia kifuani kikashuka. Binti akanitazama.

"Mara ya kwanza, anko?"

Nikakubali.

"Bana kichwa nyuma. Usifumbe macho, ukifumba ndiyo unatapika."

Basi bwana, dude likaanza kupanda taratibu, ka-ka-ka-ka. Kutoka kule juu nikaona magorofa ya Johannesburg upande mmoja, na upande mwingine vilima vya rangi ya njano vilivyokatwa juu vikawa bapa kama meza. Vile si vilima vya Mungu. Ni mchanga uliobaki baada ya kusaga mwamba na kutoa dhahabu, umelundikwa kuzunguka mji kwa miaka zaidi ya mia. Nikataka kuvitazama vizuri. Sikupewa nafasi. Tumbo lilibaki juu, mimi nikaenda chini, kisha mbingu ikawa ardhi na ardhi ikawa mbingu, na nikasikia mtu mzima anapiga kelele "Mama weee!" kwa Kiswahili. Nilijua ni mimi kwa sababu hapakuwa na Mswahili mwingine.

Tuliposhuka magoti yalikuwa yanatetemeka, lakini nilikuwa nacheka mwenyewe kama kichaa. Yule binti akaniambia, "Umejitahidi, anko." Baba yake ndiye aliyenipiga picha pekee nzuri ya siku ile. Nikapanda mengine matatu mfululizo. Yaani raha tupu. Nilisahau baba, nilisahau karatasi, nilisahau tarehe 12 Machi.

Halafu nikaona kibao cha mgodi.

Gold Reef City imejengwa juu ya mgodi halisi. Ni shimo namba 14 la Crown Mines, mgodi uliokuwa miongoni mwa mikubwa na mirefu zaidi duniani, takriban kilometa 3 kwenda chini. Uzalishaji kwenye shimo hilo ulikoma miaka ya 1970, na mwaka 1987 mji wa michezo ukafunguliwa juu yake. Siwezi kusema babu alifanya kazi hapo. Hatujui alikuwa mgodi gani, karatasi zake zililiwa na mchwa. Lakini ardhi ni hiyohiyo na dhahabu ni hiyohiyo.

Nikajiandikisha. Tulikuwa kama watu kumi na tano. Tukapewa helmeti na taa, tukaingizwa kwenye lifti ya vyuma, tukabanana. Mwongoza wageni, mzee mwenye mvi na sauti kubwa, akatuambia tunashuka mita 75 tu. Zamani watalii walishushwa zaidi ya mita 200, lakini tangu pampu za migodi ya jirani zizimwe maji yamekuwa yakipanda. Mita 75! Mimi nikaona ni kuzimu. Kumbe kwa mchimbaji pale ni sebuleni.

Chini kuna ubaridi na maji yanadondoka. Mzee akatueleza kwamba ubaridi ule usitudanganye, kadiri unavyoshuka mwamba unazidi kuwa wa moto, na kule kwenye kilometa 2 au 3 bila kupuliziwa hewa mtu hakai. Akatuonyesha mkanda wa dhahabu wenyewe. Nilitegemea kitu cha kung'aa. Ni mstari wa mawe meupe meupe ndani ya mwamba, mwembamba, umelala kwa mshazari. Kwa vile ni mwembamba, walichimba nafasi ndogo tu ya kuufuata, kimo cha mita 1 hivi, na mchimbaji alifanya kazi humo amepiga magoti au amelala ubavu, zamu nzima, na mashine ya kutobolea mwamba mikononi. Akaiwasha moja, sekunde chache tu. Watoto wakaziba masikio. Mimi mpaka jioni masikio yalikuwa yanapiga filimbi.

Kisha akasema tuzime taa. Nimezaliwa kijijini, giza nalijua, lakini lile si giza la usiku. Unaweka mkono mbele ya jicho, huuoni kabisa. Mtoto mmoja akaanza kulia.

Taa zikawashwa, tukaanza kurudi kwenye lifti. Mimi nikabaki nyuma nikigusa ukuta, sijui hata nilikuwa natafuta nini. Yule mzee akageuka akanipigia kelele kwa utani, akiigiza nyapara wa zamani:

"Tshetsha! Tshetsha!"

Nikasimama.

Ndugu zangu, hilo neno nalijua. Babu alikuwa akinituma kiberiti au maji ya kunywa, lazima amalizie na "Checha!" Sisi wajukuu wote tulichechwa. Mimi mpaka nakuwa mtu mzima, nimemaliza chuo kikuu na shahada ninayo, nilidhani ni Kinyakyusa cha wazee. Nikamuuliza yule mzee ni lugha gani. Akasema ni Fanagalo, lugha ya migodini, iliyochanganya Kizulu na Kiingereza na Kiafrikana kidogo, ili Mmalawi, Msotho na Mreno wa Msumbiji waweze kuamrishwa na bosi mmoja. Maana yake fanya haraka.

Kwa hiyo babu, asiyesimulia chochote, alikuwa ananisimulia kila siku. Alileta nyumbani amri aliyokuwa akipigiwa yeye, akaitumia kwa upole kwa wajukuu, na sisi tukaiona ni neno la kuchekesha.

Nilipotoka juu kulikuwa na vijana wanacheza ngoma ya gambuti uwanjani, ile ya kupiga mabuti ya mpira kwa viganja, iliyozaliwa na wachimbaji wenyewe. Wanaicheza vizuri ajabu. Watu wanapiga makofi, wanakula aiskrimu. Sikujua nikasirike au nipige makofi. Nikapiga makofi. Wale vijana ni kazi yao, na wanaijua.

Nilikaa kwenye benchi muda mrefu nikijiuliza kama niondoke. Lilikuwa limebaki dude moja nililojiwekea kuwa la mwisho, linaitwa Tower of Terror. Hili linakupandisha juu ya mnara, linakusogeza ukingoni likusimamishe uso ukitazama chini, halafu linakuachia moja kwa moja mpaka ndani ya shimo ardhini. Wanasema mwili unasukumwa kwa nguvu inayozidi mara 6 ya uzito wako. Nikaona itakuwa si heshima, kutoka kwenye mgodi kwenda kuchezea shimo.

Lakini nikafikiri tena. Babu alinunua baiskeli, akapiga picha amevaa kofia ya pama na anatabasamu. Mchumi Francis Wilson, kwenye kitabu chake cha mwaka 1972, alionyesha kwamba mshahara wa mchimbaji mweusi kwa thamani halisi mwaka 1969 haukuwa umezidi ule wa mwaka 1911. Ndani ya huo mshahara babu alijibana akapata baiskeli, na kwa hiyo baiskeli akabeba ndizi sokoni, na kwa hizo ndizi baba akasoma. Angejua mjukuu wake amelipa kiingilio halafu hakupanda, angenicheka. Nyakyusa haachi kitu alicholipia.

Nikapanda. Ilikuwa sekunde chache za kuanguka, na sitapanda tena maisha yangu yote.

Jumapili jioni nikampigia baba, kabla hajanipigia yeye. Nikamwambia ukweli: baba, hatumo, wameanzia 1965. Nikamwambia pia kwamba nilijua tangu Jumatano na nilimdanganya. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha. Halafu akauliza, "Huko chini ulikwenda?"

Nikamwambia nilikwenda. Nikamsimulia mkanda mwembamba, kulala ubavu, giza, mashine. Alikuwa anasema "ehe" tu. Nilipofika kwenye "checha" akaangua kicheko ambacho sijakisikia kwake siku nyingi.

"Kumbe lilikuwa lao!" akasema. "Na mimi nimewachecha ninyi miaka yote hii."

Kisha akasema jambo ambalo ndilo limenifanya niandike yote haya. Akasema, "Sisi hatumo, sawa. Lakini waandikie watu. Wapo waliopitia Malawi wenyewe baadaye." Ni kweli. Kama kwenu yupo mzee aliyefanya kazi chini ya ardhi kwenye migodi ya dhahabu ya kule baada ya tarehe 12 Machi 1965, au alishafariki na ameacha mjane au watoto, msiishie kwenye jibu la babu yangu. Tafuteni karatasi zake, vitambulisho vya mgodini, vyeti vya hospitali, kabla mchwa hawajavifikia. Kudai hakulipiwi, kwa hiyo atakayewaomba pesa ya kuwajazia fomu mwambieni apite mbali. Na mfuko haukuwekwa uwe wa milele.

Yaani, checheni.

Mama naye alichukua simu mwishoni, akauliza swali moja tu: kwenye hayo mabembea nilikuwa nimekula kwanza? Nikamwambia hapana, mama. Akasema nilifanya vyema.